Kurekodi gemu kwa HD: Pima diski yako kabla ya kukimbilia SSD

Umecheza gemu la mpira kwenye kompyuta mpakato ya mtumba pale Kahama, umerekodi mechi nzima, ukifungua video inakwamakwama. Ushauri wa kwanza utakaosikia mtaani ni "nunua SSD". Kabla hujatoa hela, piga hesabu kidogo.

OBS Studio, programu ya bure ya kurekodi, huibana video kwanza ndipo inaiandika kwenye diski. Kwa video ya 1080p, megabiti 40 kwa sekunde zinatoa picha safi. Hapo ndipo wengi huchanganya mambo: hizo ni megabiti, siyo megabaiti. Baiti moja ina biti nane, hivyo mzigo wote unaokwenda kwenye diski ni megabaiti 5 tu kwa sekunde. Saa moja inakula kama GB 18.

Diski ya kawaida ya kuzunguka (HDD) ya kompyuta mpakato, ikiwa bado nzima, huandika karibu megabaiti 80 hadi 100 kwa sekunde. Mzigo huo inaubeba bila shida.

Sasa kukwama kunatoka wapi? Mara nyingi ni diski moja kubebeshwa kazi tatu. Windows inajisasisha, gemu linasoma mafaili yake, na video inaandikwa, yote kwa wakati mmoja. HDD ina kichwa kinachohama huku na kule kufuata kila kazi, na kuhama huko ndiko kunakoichosha. Fungua Task Manager wakati unarekodi. Ukiona diski imegonga asilimia 100 na haishuki, mchawi umempata.

Kama diski imetulia, nenda OBS, fungua menyu ya View kisha Stats. Fremu zikirukwa kwa sababu ya kubana video, tatizo ni prosesa au kadi ya picha. Hapo hata SSD ya bei mbaya haitakusaidia.

Kwa mashine za zamani kuna njia nzuri ambayo fundi yeyote wa kompyuta anaiweza. Weka SSD ya SATA ikae na Windows na gemu, kisha HDD yako ya zamani ihamie sehemu ya DVD kwa kutumia fremu yake maalumu. Video zote zirekodiwe huko. SSD ya SATA hufika megabaiti 500 kwa sekunde. NVMe huvuka 2,000, lakini kwa kurekodi 1080p tu, hiyo ni anasa.

Kasi kubwa inahitajika kweli ukirekodi video isiyobanwa kabisa. Picha moja ya 1080p ina nukta zaidi ya milioni 2, kila nukta baiti 3. Kwa fremu 60, unaandika karibu megabaiti 373 kila sekunde, na HDD itasalimu amri. Wachezaji wengi hawana haja nayo.

Flashi ndiyo ya kuogopa. Nyingi zinakuja na mfumo wa FAT32 ambao haupokei faili linalozidi GB 4, kwa hiyo kwa megabiti 40 rekodi yako inagota kama dakika ya 14, kabla mambo hayajanoga. Ifomati kuwa exFAT. Kisha kuna feki: imeandikwa 1TB, ndani ina GB 32, na ikijaa inaandika juu ya video zako za mwanzo au inaharibu mafaili kimyakimya. Ipime kwa programu ya bure ya H2testw kabla hujaiamini na kazi. Kwa memori kadi, alama ya V30 maana yake haishuki chini ya megabaiti 30 kwa sekunde.

Halafu kuna umeme. Ukikatika katikati ya mechi kwenye kompyuta ya mezani isiyo na UPS, faili la kawaida la MP4 huwa halifunguki tena, saa nzima imekwenda. Kwenye mipangilio ya OBS chagua MKV. Umeme ukikatika, unabaki na kila kitu hadi sekunde za mwisho, kisha OBS yenyewe inakugeuzia kuwa MP4 kupitia menyu ya File, Remux Recordings.