Safari ya Bibi Benz na Elimu ya Kutafuta Ubovu wa Motokaa

Wahenga walisema, "Dalili ya mvua ni mawingu." Bila shaka, ewe msomaji, umepata kuisikia methali hii mara nyingi, lakini huenda hukupata kudhani kwamba ndani yake imo siri ya kazi ya fundi wa motokaa. Umepata kuona gari kuukuu limesimama kando ya njia, kifuniko cha injini kimeinuliwa, na watu wamelizunguka. Mmoja asema, "Betri imekufa." Wa pili asema, "La, ni petroli." Wa tatu, asiye na la kusema, alipiga gurudumu teke. Kisha aja fundi. Hana haraka ya kufungua kitu. Kwanza auliza, "Lilizimika ghafula, au lilikohoakohoa kwanza?" Asikiliza, anusa, agusa, kisha achukua bisibisi moja tu, na baada ya kitambo gari languruma.

Je, elimu hiyo ilianza wapi? Ili kujibu swali hili, hatuna budi kurudi nyuma zaidi ya miaka 130, hata nchi ya Ujerumani, kuitazama motokaa siku ilipofunga safari yake ndefu ya kwanza. Siku hiyo hapakuwa na gereji wala fundi wa motokaa popote duniani. Aliyeliendesha gari ndiye aliyelazimika kulitibu.

Katika mji wa Mannheim aliishi mhandisi aitwaye Carl Benz. Tarehe 29 Januari 1886 aliomba hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake: gari la magurudumu matatu, lililoendeshwa kwa injini ya silinda moja. Lakini kazi hiyo haikuwa ya Bwana Benz peke yake. Mkewe, Bertha, aliyezaliwa Pforzheim mwaka 1849, alikuwa ameombewa kwa wazazi wake mali yake ya ndoa mapema, mwaka 1871, kabla hata hajaolewa. Mali hiyo ilitumika kumlipa mshirika wa Carl aliyekuwa akiielemea karakana, naye akaondoka. Basi Bibi Bertha alikuwa ametia mali yake yote katika ndoto ya mumewe.

Kufika mwaka 1888 gari lilikuwa limekwisha tengenezwa hata mara ya tatu, na kila mara lilikuwa bora kuliko la kwanza. Walakini wanunuzi walikuwa adimu mno. Watu walilicheka. Waliuliza gari lisilo na farasi litafaa nini, nalo halijapata kuonekana mbali na mji lilikotengenezwa. Bwana Benz alikuwa mtu wa hadhari, mpenda kusahihisha. Mkewe aliona kwamba kusahihisha peke yake hakutaleta mnunuzi, na kwamba mali yake na jasho la mumewe vilikuwa karibu kupotea bure.

Asubuhi moja ya mwezi wa Agosti mwaka huo, mumewe akiwa bado amelala, Bibi Bertha alilisukuma gari nje pamoja na wanawe wawili, Eugen mwenye umri wa miaka 15, na Richard wa miaka 13. Wakaizungusha injini kwa mkono hata ikawaka, wakashika njia ya Pforzheim kwa mama yake Bertha. Mwendo ulikuwa wa kilomita zaidi ya 100, katika njia zilizotengenezwa kwa ajili ya magari ya farasi.

Shida hazikukawia. Kwanza mafuta yalipungua. Vituo vya petroli havikuwako. Lakini Bibi Bertha alijua kwamba injini yake ilitumia ligroini, mafuta mepesi yaliyouzwa madukani mwa dawa kwa kuondolea madoa katika nguo. Alipofika mji wa Wiesloch aliingia katika duka la dawa, akanunua ligroini, akaendelea. Hata leo watu hulitaja duka hilo kuwa ndilo kituo cha kwanza cha petroli duniani. Maji ya kupozea injini nayo yalichemka na kwisha upesi, kwa hiyo walisimama mara kwa mara kuyateka visimani na mitoni.

Kisha mpira wa kupitishia mafuta ukaziba. Hapa, msomaji, tua kidogo ufikiri. Tuseme wewe ndiwe uliyekaa juu ya gari lile, na injini imenyamaza. Mbele yako kuna vyuma vingi, na kila kimoja chaweza kuwa na hatia. Utaanzia wapi? Mwenye akili hukumbuka kwamba injini ya petroli haitaki mengi: yataka mafuta yaliyochanganyika na hewa, yataka mchanganyiko huo ubanwe vizuri ndani ya silinda, na yataka cheche ya kuuwasha. Kimoja kikikosekana, injini haiwaki. Basi huna haja ya kuvishuku vyuma vyote. Una maswali matatu tu. Ukiona mafuta yamo tangini lakini hayafiki mbele, umekwisha mpata mwizi: yuko katikati ya njia. Bibi Bertha alichomoa pini ndefu aliyobania kofia yake, akauzibua mpira ule.

Baadaye waya wa kuwashia moto ukachubuka. Umeme, kama maji, hupita palipo rahisi; ukipata mahali penye upenyo hutorokea katika chuma cha gari, na cheche haifiki panapotakiwa. Bibi Bertha alivua ukanda wa kufungia soksi yake, akaufunika waya nao. Mnyororo ulipomsumbua alisaidiwa na mhunzi. Milimani gia zilishindwa, ikawabidi wana washuke wasukume. Katika kuteremka vibao vya breki vilisagika, naye akamtafuta mshona viatu avipigilie ngozi. Jua lilipokwisha kutua waliingia Pforzheim, wamejaa vumbi, wakampelekea Bwana Benz habari kwa simu ya maandishi.

Usidhani kwamba faida ya safari hii ilikuwa sifa peke yake. Kila ubovu ulikuwa shahidi aliyesema kweli. Kwa sababu wana walisukuma milimani, Benz aliongeza gia ya kupandia. Kwa sababu vibao vilisagika, breki zilivishwa ngozi. Na watu walioliona gari likipita vijijini walipata jambo jipya la kuzungumza, wala haikuwa rahisi tena kusema kwamba haliwezi kwenda mbali. Katika miaka iliyofuata biashara ya Benz ilikua sana. Bibi Bertha aliishi hata mwaka 1944, akafariki akiwa na umri wa miaka 95.

Tangu siku hizo motokaa imebadilika, na kila starehe mpya ilileta ugonjwa wake mpya. Hapo kale dereva aliiwasha injini kwa kuzungusha mpini wa chuma, na mara nyingine mpini ulirudi nyuma kwa nguvu ukamvunja mkono. Mwaka 1912 magari ya Cadillac yalianza kutoka kiwandani na stata ya umeme, kazi ya Mmarekani Charles Kettering. Mikono ilisalimika; lakini tangu hapo betri ikifa, gari limekufa. Gari la Ford la Modeli T, lililotoka mwaka 1908, liliuzwa kwa watu wa kawaida, hata wakulima. Likawafundisha mamilioni kushika spana, kwa kuwa fundi alikuwa mbali na shamba.

Sisi Afrika ya Mashariki nasi tulikuwa na darasa letu. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya Safari, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, mvua na matope yaliwashinda wengi, hata magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Mara zote mbili mshindi alikuwa Peugeot 404 iliyoendeshwa na Nick Nowicki na Paddy Cliff. Katika njia kama hizo, kasi bila maarifa haikumfaa mtu. Aliyejua kusikia mlio mgeni mapema aliweza kuponya kabla chuma hakijavunjika.

Magari ya nyakati hizo yangali yakionekana katika njia zetu, na maswali yake ni yale yale ya Bibi Bertha. Ukijaribu kuwasha, stata ikakaa kimya na taa zikafifia, tazama betri. Mara nyingi ni unga mweupe tu ulioota vichwani mwake, uzuiao umeme kupita. Stata ikizunguka vizuri lakini injini isiwake, tafuta cheche: pengine nyaya zimelowa, au plagi ina masizi, au vile vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ndani ya distribyuta vimechakaa. Cheche ikiwapo, fuata petroli kutoka tangini hata kabureta, ukikumbuka pini ya kofia. Injini ikichemka, tazama kama maji yavuja, au kama mkanda wa feni umelegea. Lakini usifungue kifuniko cha rejeta ingali moto, maana maji yake yatakuunguza. Kadhalika moshi una lugha yake: wa buluu wasema oili yaungua, mweusi wasema petroli imezidi, na mweupe mzito usiokoma wasema maji yameingia silindani. Breki ikizama chini ya mguu wako, hapo usijaribu bahati. Gari lisiondoke mpaka limetengenezwa.

Siku hizi magari mapya yana kompyuta ndani yake, nayo humwandikia fundi namba za ubovu. Jambo hilo ni zuri. Lakini namba ni dalili tu, kama wingu. Haikuambii kama ubovu umo katika kifaa chenyewe au katika waya uliochubuka njiani. Asiyefikiri atabadili kifaa kimoja baada ya kingine hata fedha zote ziishe, na gari lisipone. Mwenye kufikiri atauliza, atapima jambo moja kwa wakati mmoja, na hataligusa la pili kabla hajapata jibu la kwanza.

Hiyo ndiyo elimu aliyoitumia mama yule katika njia ya Pforzheim, naye hakuwa na cheti cha ufundi wala sanduku la spana. Alikuwa na pini, ukanda wa soksi, na moyo wa kutafuta chanzo cha jambo. Basi nawe, utakapolikuta gari limenyamaza kando ya njia, usiwe yule wa tatu apigaye gurudumu teke. Simama, tazama mawingu, kisha uulize mvua yatoka upande gani.