Gari la chuma na tope: historia ya Ferret inatuambia nini sisi wa Masisi na Walikale?



Kwetu, mtoto mdogo kabisa anajua neno blinde. Ameziona zikipita, nyeupe za MONUSCO na zingine za rangi ya majani. Lakini aina hii ya gari ilitoka wapi? Na kwa nini inakwama mahali mtu wa mguu anapita?

Waingereza walianza mapema. Mwaka wa 1914 walichukua Rolls-Royce, gari la matajiri, wakalifunika kwa vyuma na kuweka mitrayeze juu. Mwaka wa 1916 magari hayo yalikuwa karibu na Kilimanjaro, katika vita ya Jenerali Smuts na Wajerumani. Wakati wa jua yalikimbia vizuri. Masika ilipoanguka, mambo yakaharibika. Sisi tuliosoma agronomia tunaelewa: ule udongo mweusi, vertisoli, ukikauka unapasuka, ukilowa unavimba na kunata. Vita ikabaki ya miguu. Hata Force Publique yetu, iliyoanzia upande huu wa Kivu, iliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916 na mizigo ikiwa kwa vichwa vya wapagazi. Kwa Waingereza, kikosi cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps. Ndicho kilizaa jina la Kariakoo kule Dar es Salaam.

Baadaye kampuni ya Daimler, mji wa Coventry, ilitengeneza Dingo kwa Vita ya Pili ya Dunia. Kisha, kuanzia 1952, ikatoa Ferret. Ni gari ndogo ya watu wawili, magurudumu manne yote yanavuta, uzito kama tani 4, mwendo zaidi ya kilomita 90 kwa saa. Kitu cha kushangaza ni gia zake: tano za mbele na tano za nyuma. Kazi yake kubwa si kupigana, ni kuona na kurudi kusema. Dereva akikuta hatari hageuzi gari. Anarudi kinyumenyume kwa mwendo uleule.

Ferret zilifika Kongo pia. Wanajeshi wa Malaya walikuwa nazo katika jeshi la Umoja wa Mataifa kisha uhuru wa 1960. Mwaka wa 1964, wakati wa vita ya Simba, mamluki wa Mike Hoare walikuwa nazo katika msafara uliopita Kindu, Punia na Lubutu kwenda Kisangani. Lubutu ni jirani ya Walikale, kwenye njia tunayoita leo RN3. Usiku wa mwisho msafara ulishambuliwa msituni, watu wakakufa, ikabidi kusimama kungoja asubuhi. Fikirini: gari lililotengenezwa kwa kuona mbali, na hapo giza, miti pande mbili, njia ni moja tu. Tarehe 24 Novemba walipoingia Kisangani, maparakomando wa Ubelgiji walikuwa wameshashuka toka asubuhi.

Na hiyo njia moja, nani aliitengeneza? Ni wazee wetu, kwa jembe na beche, wengi kwa kulazimishwa. Walipoacha kuitunza, msitu ukaichukua. Ndiyo maana tulifika kuona ndege zikitua kwenye kipande cha lami kule Kilambo kubeba kasiterite, na vijana wakitoka Bisie na mifuko mgongoni, kama wapagazi wa 1916. Miaka mia moja ya injini, na mgongo wa mtu ungali unafanya kazi ileile.

Kwa hiyo tukizungumza juu ya usalama, tusihesabu blinde peke yake. Ferret ya tani 4 na lori la tani 4 za viazi toka Masisi zinahitaji kitu kimoja: barabara iliyo na mifereji inayotoa maji kabla mvua ya Septemba haijaanza. Bila hiyo, mwanajeshi hafiki kijijini wakati watu wanamuita, na viazi vya mama vinaoza kando ya njia. Kazi ya kantonye wengi wanaidharau, lakini inasaidia wote wawili.

Kwenu barabara inakatika wapi kwanza mvua ikianza, na ni nani anaishughulikia? Andikeni hapa chini, tupate orodha ya kweli.