Visamaki vya makombe

Mimi ni mtoto wa Ujiji. Nimekua nikila dagaa, migebuka na kuhe, na baba yangu amevua kwa karabai tangu sijazaliwa. Lakini kuna samaki wa ziwa letu ambao niliwafahamu kwa mara ya kwanza nikiwa Ujerumani. Ni aibu, najua.

Nilikuwa nimekwenda huko kwa kozi fupi ya uandishi. Siku ya pili mzee niliyepangiwa kukaa kwake akanishusha chumba cha chini ya nyumba. Nikadhani ananionyesha mahali pa kufulia. Kumbe ukuta mzima ni matangi ya kioo, na kila tangi lina karatasi. Moja iliandikwa: Neolamprologus brevis, Ikola, WF.

Ikola! Kijiji cha kwetu, kusini mwa Kigoma, ambacho wenzangu wengi wa chumba cha habari hawawezi kukionyesha kwenye ramani. WF ni kifupi cha neno la Kijerumani lenye maana ya aliyevuliwa ziwani. Watoto wake wanaozaliwa tangini huitwa F1, wajukuu F2, na kuendelea. WF ndiye ghali. Mzee alitamka "Ikola" na "Kipili" kama mtu anayetaja mitaa aliyocheza utotoni, na hajawahi kufika.

Samaki wenyewe wanatoshea kwenye kidole. Ni wa ukoo wa sato na perege, ukoo ambao wataalamu huuita siklidi, ila hawa ni mbilikimo wa ukoo huo na wanaishi ndani ya makombe matupu ya konokono.

Niliporudi nikaanza kusoma, nikagundua kwamba hadithi yao inaanza na konokono wenyewe. Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Ujiji, na Speke akaokota makombe. Mwaka 1859 mtaalamu wa London, Woodward, akayaeleza kisayansi, na jamii moja ya konokono hao leo inaitwa Spekia. Baadaye Hore, baharia aliyekuja Ujiji na wamisionari, akapeleka mengine, na kutokana nayo mwaka 1880 Smith akampa jina Neothauma, konokono mkubwa ambaye makombe yake ndiyo nyumba za visamaki hivi. Makombe haya yalifanana sana na ya baharini, wasomi wakaanza kuulizana kama Tanganyika iliwahi kuwa bahari. Moore akaja mwaka 1896 kutafuta jibu. Haikuwa bahari, lakini alirudi na samaki, na kule London Boulenger akaanza kuwapa majina. Brevis alipata lake mwaka 1899. Multifasciatus wa kusini mwa ziwa, mmoja wa siklidi wadogo kuliko wote duniani, akapata lake mwaka 1906.

Hao wote walikuwa samaki wafu ndani ya chupa. Biashara ya walio hai ilikuja kukua baada ya ndege. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard, aliyekuwa akisafirisha samaki kutoka Kongo, alihamia Bujumbura na kuanza kuwatuma wa Tanganyika Ulaya na Marekani, kwenye mifuko ya maji iliyojazwa oksijeni. Mwaka 1974 samaki mmoja akapewa jina lake, brichardi. Wapiga mbizi waliowashika, watu wa kwetu na wa Burundi, sijakuta hata mmoja aliyetajwa.

Sasa njoo kwenye kuzalisha, maana hapo ndipo mzee alinikesha. Tangi la lita 60 linatosha. Unaweka mchanga laini na maji magumu yenye pH ya karibu 9, kama ziwani. Unaweka makombe mengi kuliko samaki. Yeye alitumia ya konokono wanaoliwa Ufaransa, yaliyobaki mezani! Jike hutaga ndani ya kombe na dume humwaga mbegu mlangoni. Baada ya wiki moja na kitu watoto wadogo kama kope huchungulia nje. Kwa multifasciatus watoto hawafukuzwi: babu, baba na mjukuu hukaa mtaa mmoja, wakichimba mchanga kwa midomo.

Nilimuuliza kama haoni ni wizi. Akajibu kwamba kila F1 anayeuzwa ni samaki mmoja asiyetolewa ziwani. Nikanyamaza, kwa sababu nilikumbuka Mwanza. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria kati ya miaka ya 1950 na 1960, na alipofurika miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilitoweka. Baadhi walinusurika kwenye matangi ya Ulaya na Marekani tu. Wapo hai, lakini warudi wapi wakati sangara bado yupo? Mbona basi ukoo mzima utegemee umeme wa chumba cha chini cha mtu?

Niliandika makala. Mhariri mmoja akaniambia samaki asiyekaangika si habari. Ndiyo maana unaisoma hapa.

Nilimpigia baba.

"Shikamoo baba. Vile visamaki vya kwenye makombe mnaviitaje?"

"Marahaba mwanangu. Vile? Havina jina. Vinaingia wavuni tunavitupa." Kisha akauliza, "Huyo Mzungu anavila?"

"Hapana baba. Anavitazama."

Akacheka mpaka salio likaisha.

Mzee yule aliniomba makombe halisi ya Kigoma. Nikayaokota ufukweni Desemba iliyopita, yakajaa nusu ndoo. Wanasayansi waliopima matandiko ya makombe yaliyo chini ya maji eneo la Kigoma wanasema baadhi yana zaidi ya miaka 1,000. Nikaona kumbe huenda nimebeba kitu kikongwe kuliko Ujiji yenyewe. Ndoo bado iko chini ya kitanda kwa baba, na sijajua nianzie ofisi gani kuomba kibali, au niyarudishe tu majini.