Teke la Bastola

Kuna mzee wa Makina ambaye huniita kila redio yake ikigoma. Natoka Gatwekera, nafuata reli, nafika na bisibisi mfukoni, na kabla sijafungua chochote lazima nionyeshwe picha. Iko ukutani, imeanza kugeuka rangi ya chai. Askari watatu wa King's African Rifles, kila mmoja na bunduki ndefu. Kando yao afisa mzungu hana bunduki. Ana bastola kiunoni, na bastola imefungwa kamba inayopanda hadi shingoni.

"Wa katikati ni babu yangu," Mzee husema. "Mpaka anazeeka, bega la kulia lilikuwa linamuuma. Bunduki ilimpiga teke miaka mingi."

Siku moja nikamuuliza, "Na hii kamba, Mzee, ni ya nini?"

"Bastola isipotee. Askari anaweza kupotea, kijana. Mali ya serikali haipotei."

Alicheka, mimi nikacheka, lakini nikarudi nyumbani na hiyo bastola kichwani. Nikaanza kusoma.

Tuanze na hapa kwetu. KAR iliundwa mwaka wa 1902, na Wanubi, askari wenye asili ya Sudan, walikuwa ndani yake tangu mwanzo. Miaka michache baadaye wakaanza kukaa kwenye msitu wa kusini-magharibi mwa Nairobi, wakauita Kibra. Kufikia 1918 serikali ilikuwa imepima zaidi ya ekari 4,000 kuwa ardhi ya jeshi. Kwa hivyo kabla ya mabati, kabla ya reli kupigwa picha na watalii, Kibera ilikuwa malipo ya watu waliobeba bunduki za Mwingereza. Malipo bila hati, lakini hiyo nitairudia.

Askari alibeba bunduki ya .303. Bastola ilikuwa ya afisa, na bastola ya maafisa enzi hizo ilikuwa Webley ya .455, yaani risasi yenye upana wa zaidi ya sentimita moja. Kwa nini risasi kubwa hivyo? Jibu lilitolewa hadharani. Kwenye mkutano wa The Hague mwaka wa 1899, mataifa yalipotaka kupiga marufuku risasi zinazopasuka mwilini, mjumbe wa Uingereza, Sir John Ardagh, alizitetea. Hoja yake ilikuwa kwamba mwanajeshi wa Ulaya akipigwa risasi ndogo huacha kupigana, lakini yule aliyemwita mshenzi huendelea kukujia. Mshenzi ndiye nani? Wewe na mimi, ama tuseme babu zetu. Uingereza haikukubali marufuku hiyo mpaka 1907.

Shida ni kwamba risasi nzito inamrudia pia anayeifyatua. Fikiria mkokoteni. Ukiruka kutoka kwa mkokoteni uliojaa mitungi ya maji, hausongi. Ukiruka kutoka kwa mkokoteni mtupu, unateleza nyuma na unaweza kuanguka. Bastola ni vivyo hivyo. Kinachotoka mbele kinaisukuma nyuma, na kadiri ilivyo nyepesi ndivyo inavyokupiga teke. Webley Mk VI, iliyoanza kutumika 1915, ilikuwa na uzito wa karibu kilo 1.1, na uzito huo ndio uliomeza teke la risasi ya gramu 17. Hata hivyo, kuizoea ilitaka mazoezi marefu.

Ikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Jeshi la Uingereza likajaa makarani na walimu ambao hawakuwa wamewahi kushika silaha, na muda wa kuwafundisha haukuwepo. Mtu asiyezoea anafumba macho kabla ya kufyatua. Mkono unapanda, risasi inapita juu. Vita vilipoisha, wakubwa wa jeshi wakaamua bastola iwe nyepesi na risasi iwe laini zaidi. Mwaka wa 1932 wakapitisha Enfield No. 2 ya .38. Uzito wake haufiki gramu 800, na risasi yake ya kwanza ilikuwa ya gramu 13.

Hapa kuna hesabu niliyoipenda. Risasi zote mbili zilitoka kwa kasi inayokaribiana, kama mita 190 kwa sekunde. Ungetia nguvu ya ile .455 kwenye bastola nyepesi ya .38, mkono ungepigwa kwa nguvu karibu mara moja na nusu ya ile ya Webley nzito. Ukipunguza risasi, bastola nyepesi inakupiga kidogo kuliko ile nzito. Hiyo ndiyo siri yote: huwezi kupunguza chuma peke yake. Lazima upunguze na kilichomo ndani.

Sasa, nani alipunguziwa? Afisa. Askari wa Kibra aliendelea na .303 yake, vita vya kwanza na vya pili. Na wale wa Carrier Corps, walioachia Kariokor jina lake, hawakupigwa teke kwa sababu hawakupewa bunduki. Walibeba tu masanduku ya risasi kichwani, wakafa kwa makumi ya maelfu.

Bastola laini haikubaki Ulaya. Polisi na maafisa wa dola walitembea na .38 kila pembe, Kenya ikiwemo, na silaha zikiwa nyingi, nyingine hubadilisha mikono. Tarehe 21 Oktoba 1956, Dedan Kimathi alipigwa risasi ya paja akakamatwa karibu na Nyeri. Alikuwa na bastola ya Webley & Scott ya .38. Mahakamani hakushtakiwa kwa kumuua mtu yeyote. Shtaka lilikuwa kupatikana na bastola hiyo, na risasi 6. Kwa hiyo bastola akahukumiwa kifo, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Nilikaa na hilo kwa muda. Silaha ileile iliyorekebishwa ili isimuumize karani wa London, ikiwa mkononi mwa Mwafrika ilitosha kumpeleka kwa kitanzi. Upole wake ulikuwa wa mshikaji mmoja tu. Kwa aliye mbele ya mtutu hakuna risasi laini.

Sisi wa Kibera hatuhitaji kuelezwa sana. Mwanzoni mwa 2008 nilikuwa darasa la tatu. Tulilala sakafuni siku kadhaa, mama akiwa amesimamisha godoro kwenye ukuta wa mabati kana kwamba sponji inazuia kitu. Ripoti ya Tume ya Waki ilihesabu waliokufa nchini kuwa 1,133, na 405 kati yao waliuawa kwa risasi. Mkono uliofyatua uliumia kiasi gani, sijui kama kuna aliyepima.

Na ile hati ya Wanubi? Ilikuja Juni 2017. Ekari 288, kutoka zile zaidi ya 4,000. Nilimwambia Mzee hesabu zote, za gramu na za ekari, redio ikiwa wazi mezani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama, akaifuta vumbi ile picha kwa kona ya kanzu, akianzia kwa afisa.

"Kwa hivyo wao walipunguziwa teke," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Na sisi wakatupunguzia ardhi."

Sikuwa na la kujibu. Nikarudisha kifuniko cha redio, nikakaza skrubu. Ukipita Kimathi Street, angalia sanamu vizuri. Ameshika bunduki ndefu mkono mmoja na kisu mkono wa pili. Bastola waliyomnyongea haipo.