Batani au kupangusa: simu za mabosi zilivyopita mikononi mwetu

Wadau, kuna enzi ukiingia kwenye kikao pale Posta, Dar, unamjua bosi kabla hajafungua mdomo. Unaangalia mezani tu. Sisi wengine tulikuwa na vitochi. Yeye ana simu nyeusi, batani zimejazana kama punje za hindi, na juu kwenye kona kuna kitaa chekundu. Kikianza kuwaka na kuzima, mazungumzo yote yanasimama mpaka asome.

Wiki iliyopita nimeikuta moja ya hizo kwenye droo ya mjomba wangu, mhasibu mstaafu. Nitarudi kwake. Kwanza tunyooshe historia, maana wengi wanaamini batani zilitangulia, kupangusa kukaja baadaye. Si kweli.

Simu janja ya kwanza kabisa ya watu wa ofisini ilikuwa ya kugusa kioo. Iliitwa Simon, ilitoka IBM na ikauzwa Marekani na kampuni ya BellSouth mwaka 1994. Ilikuwa na kalenda, daftari la anwani, imeli, hata faksi ilituma, na uliigusa kwa kijikalamu. Bei dola 899 ukikubali mkataba wa mtandao. Sasa sikia shida yake: ukiongea nayo, betri inakaa kama saa moja, basi. Bosi gani anatembea na simu ya saa moja? Ziliuzwa kama 50,000 zikapotea sokoni.

Hapo batani zikapata nafasi. Mwaka 1996 Nokia wakatoa 9000 Communicator. Kwa nje ni simu ya kawaida, ukiifungua kama boksi la miwani unakuta kioo kirefu na kibodi kamili. Gramu 397! Ukiitia kwenye mfuko wa shati, shati lote linavutwa upande.

Ila waliowashika mabosi kwelikweli ni kampuni moja ya Waterloo, Kanada. BlackBerry yao ya mwaka 1999 haikuwa hata simu, ilikuwa peja ya kusoma na kuandika imeli. Ya kupiga ilikuja 2002, nayo ni kituko: ili uongee ilibidi uchomeke spika ya sikioni, vinginevyo husikii wala husikiki. Watu wakavumilia. Kwa nini? Kwa sababu imeli ilikuja yenyewe. Kwenye simu nyingine ulikuwa unaenda kuichungulia, kama mtu anayepita posta kuangalia sanduku. Hii ilikuletea mpaka mkononi, imefungwa kwa siri, kupitia seva iliyokaa ofisini kwenu. Na zile batani zilikuwa na mwinuko, kidole gumba kinajua kiko wapi bila macho. Jamaa anajibu imeli chini ya meza huku anamtazama mwenyekiti usoni. Hilo kioo hakijaliweza hadi leo, tusidanganyane.

Ulevi wake haukuwa wa kwetu tu. Kampuni ilipokaribia kuzimiwa huduma Marekani kwa kesi ya haki za uvumbuzi, serikali yenyewe iliingia mahakamani kuomba watumishi wake wasikatiwe. Mwaka 2006 wakamaliza kwa kulipa dola milioni 612.5. Na rais aliyeapishwa Januari 2009 alivutana na watu wa usalama mpaka wakamwachia ya kwake.

Lakini ile seva ya ofisini ilikuwa na upande wa pili. Fundi wa kompyuta akiwa kwenye kiti chake aliweza kutuma amri, simu ikajifuta yote, hata kama iko Mbeya. Kwa simu iliyoibwa, hiyo ni dawa. Mjomba hakuibiwa. Alipunguzwa kazi, kampuni siitaji. Simu yenyewe wakamwambia akae nayo. Alipofika Ubungo na daladala ikajizima, ikawaka ikiwa mpya kabisa. Humo zilikuwamo picha za mwisho za marehemu mke wake. Kisheria sidhani kama kuna kosa, simu ilikuwa yao. Ndiyo maana nasema ukitaka kuelewa vita vya batani na kupangusa usiangalie vidole, angalia nani alilipa. Simu za batani zilinunuliwa na mwajiri, kwa hesabu za mwajiri.

Mwaka 2007 iPhone ilipotoka, mkuu wa Microsoft wa wakati ule alicheka: dola 500, haina kibodi, watu wa biashara wataifanyia nini? Na kwa siku ile alikuwa sahihi. Ilikuwa haina 3G, haina programu za kuongeza, na kunakili maneno na kuyabandika kulikuja 2009. Kwa kuandikia kazi ilikuwa toi. Ila watu waliinunua kwa hela zao, kwa ajili ya picha, muziki na intaneti yenye sura ya intaneti, halafu mabosi wenyewe wakaibeba ofisini na kumwambia fundi aiunganishe. Julai 2008 Apple wakaongeza imeli za ofisini. Na nini kingine wakaongeza? Ile amri ya kufuta kutoka mbali! Yaani simu umenunua wewe, rungu bado analo mwajiri.

Ukiniuliza mimi, simu bora ya kazi ya miaka ile ni Nokia E71 ya 2008. Ya chuma, unene wa milimita 10, gramu 127, yangu ya mtumba ilikaa na chaji siku mbili. Tena ilikuwa na sura mbili za mwanzo, moja ya kazi na moja ya nyumbani, unahama kwa kubonyeza. Ikifika jioni unahamia nyumbani. Wazo zuri namna ile limeishia wapi sijui. BlackBerry Storm ya mwaka huohuo tuiache tu. Kioo kizima ni batani moja, kila herufi unakandamiza kama unafunga sanduku, halafu haina Wi-Fi.

Huku kwetu BlackBerry ilishatoka kwa mabosi ikaingia kwa vijana, salamu ikawa "nipe PIN yako." Nairobi nako mwaka 2011 Safaricom wakauza IDEOS ya Huawei, simu ya kupangusa ya karibu dola 100. Oktoba mwaka huohuo mitambo ya BlackBerry ikaanguka, Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika zikakaa siku kadhaa bila meseji. Waliokuwa wanajishauri kuhama, wakahama. Januari 4, 2022 huduma za zile simu za zamani zilizimwa moja kwa moja.

Ya mjomba tuliipeleka kwa fundi Kariakoo, akasema humo ndani ni peupe. Siku hizi mjomba anapangusa. Anaandika kwa kidole kimoja, "nakuja" inakuwa "nakula", anafuta, anaanza upya. Nilipoichaji ile ya zamani ikawaka, aliishika kwa mikono miwili, akaandika jina la mkewe huku anatazama dirishani. Hakukosea hata herufi moja.