Picha za Gitaza zinapogoma kufunguka

Vijana wenzetu, na ninyi wahudumu mnaotusoma, wengi wetu tuliondoka Burundi 2015 bila hata picha moja ya nyumbani. Meli ya Liemba ilibeba wenzetu wengi kutoka Kagunga hadi Kigoma, na mizigo ilikuwa kidogo. Leo ukitaka kumwonyesha mdogo wako Gitaza kando ya ziwa, au lile jiwe la Mugere lenye majina ya Livingstone na Stanley na mwaka 1871, unategemea intaneti. Halafu unakuta visanduku vya kijivu tu. Kwa nini?

Historia yake ni hii. Mwaka 1993 Marc Andreessen alipendekeza alama ya img, na picha zikakaa pamoja na maandishi kwenye kivinjari cha Mosaic. Mwaka 1995 Brendan Eich akatengeneza JavaScript kwa siku kumi. Baadaye picha zilizidi, kurasa zikawa nzito, bando likaliwa. Watengenezaji wakabuni ujanja: anwani ya picha inafichwa kwenye data-src, kisha JavaScript inaihamishia kwenye src pale tu msomaji anapoikaribia. Kwetu wenye bando dogo ni vizuri, yaani hulipii picha usiyoiona. Lakini mtandao ukiwa dhaifu na JavaScript isifike, anwani inabaki imefichwa na picha haiji kabisa.

Mwaka 2019 Chrome ilileta loading="lazy": kivinjari chenyewe ndicho kinachongoja. Firefox ikafuata 2020, Safari 2022.

Basi tunaojenga kurasa tuanze hivi. Zima JavaScript, fungua ukurasa upya. Picha zikikosekana, angalia kama anwani imekaa kwenye data-src; irudishe kwenye src, uongeze loading="lazy". Zikigoma bado, kagua anwani yenyewe: kwa seva nyingi .JPG na .jpg si kitu kimoja. Andika upana na urefu wa kila picha, maandishi yasirukeruke. Picha ya juu kabisa usiicheleweshe.

Si mambo ya mafundi peke yao. Mdogo wetu aliyezaliwa kambini hajaiona Gitaza kwa macho. Kisanduku kikibaki cha kijivu, kwake Gitaza itabaki kuwa neno tu.