Mnyororo wa Tairi na Saa ya Dereva



Kwetu Afrika Mashariki theluji ipo juu ya Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ruwenzori, mahali pasipopita lori. Ndiyo maana dereva anayetoka Dar es Salaam kwenda Tunduma hana haja ya kujua namna ya kulivika tairi mnyororo. Lakini zipo nchi ambako, siku za dhoruba, lori lisilo na mnyororo haliruhusiwi kupanda mlima. Leo tuitazame historia ya kifaa hicho, maana ndani yake limo swali linalotuhusu hata sisi: saa ya tahadhari ya dereva, ni nani anayeilipa?

Tuanze na mlima wenyewe. Magharibi ya Marekani, mpakani mwa majimbo ya California na Nevada, ipo safu ya milima iitwayo Sierra Nevada. Mawingu ya Bahari ya Pasifiki huigonga safu hiyo na kumwaga theluji nyingi mno. Katika njia ya Donner Pass, kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,100, theluji inayoanguka kwa msimu mmoja hufikia wastani wa karibu mita 9.

Jina Donner ni jina la msiba. Mwaka 1846 msafara wa walowezi waliohamia California kwa magari ya maksai ulishawishiwa kufuata njia ya mkato. Njia hiyo ikawachelewesha, wakafika mlimani mwishoni mwa Oktoba theluji ikiwa imekwisha kuanza. Watu wapatao 80 walinaswa. Hadi wa mwisho anaokolewa Aprili 1847, karibu nusu yao walikuwa wamekufa, na baadhi ya walionusurika walikuwa wamekula nyama ya maiti za wenzao.

Reli ilivuka mlima huo katika miaka ya 1860, kwa jasho la maelfu ya vibarua wa Kichina. Lakini hata garimoshi halikupata kinga. Januari 1952 treni ya abiria iitwayo City of San Francisco, yenye watu 226, ilizikwa na theluji kwa siku tatu si mbali na Donner Pass. Abiria walipotoka, walitembea hadi barabarani wakachukuliwa kwa magari.

Sasa, gari lilipataje kuuweza mlima ulioishinda treni? Mwanzoni halikuuweza. Matairi ya upepo ya mwanzo wa karne ya 20 yalikuwa laini, yakiteleza kwenye matope na kwenye barafu sawasawa. Madereva wa huko walizungushia kamba kwenye magurudumu ili yapate kushika. Kamba hukatika upesi. Ndipo Harry D. Weed, mtu wa Canastota katika jimbo la New York, alipowaza kuweka minyororo mahali pa kamba. Agosti 1904 serikali ya Marekani ikampa hati ya kulinda uvumbuzi wake. Biashara ikakua, na mwaka 1908 kampuni yake ilimwalika hadharani Harry Houdini, yule bingwa wa kujifungua pingu, afungwe kwa minyororo hiyo ya matairi aone kama atatoka. Alitoka, na jina la mnyororo likaenea mjini.

Msikilizaji, kazi ya mnyororo ni rahisi kuielewa. Mpira hukaa juu ya theluji iliyoshindiliwa na kuteleza. Pingili za chuma huukusanya uzito wa gari mahali padogo, zikaiuma barafu. Kwenye lori, minyororo hufungwa magurudumu ya nyuma yanayosukuma gari, yaweze kupanda. Na hufungwa pia kwenye trela, lisije likaponyoka wakati wa kufunga breki na kukipita kichwa chake.

Kuufunga ndiko kazi. Dereva huegesha kando mahali palipotengwa, katika baridi na giza, malori mengine yakimpita ubavuni. Huutandaza mnyororo juu ya tairi, hujipenyeza kushika ndoana ya upande wa ndani, hukaza ya nje, husogeza gari kidogo, kisha hushuka kukaza tena. Mnyororo wa matairi pacha ya lori una uzito wa makumi ya kilo. Akishamaliza hawezi kukimbia: mwendo unaoruhusiwa ni kama kilomita 40 au 50 kwa saa. Na akifika penye lami kavu sharti aufungue, maana lami huukata mnyororo, na mnyororo huichimba lami.

Hapo ndipo sheria ilipolazimika kuingia. Huko California, dhoruba ikija, idara ya barabara huweka vibao na wakaguzi chini ya mlima. Asiye na mnyororo hurudishwa. Jimbo la Colorado limekwenda mbali zaidi. Katika barabara kuu ya I-70 milimani, lori kubwa la biashara sharti libebe minyororo kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Mei, hata kama jua linawaka. Lori likiziba barabara kwa kutofungwa minyororo, faini inazidi dola 1,000. Wamejifunza kwamba lori moja lililokwama huwafungia njia maelfu ya watu, na gari la wagonjwa likiwa miongoni mwao.

Kwa nini dereva mzoefu aache kufunga kitu kitakachomwokoa? Jibu si ujinga. Madereva wengi wa masafa marefu Marekani hulipwa kwa maili. Gari likisimama, mshahara nao umesimama. Zipo kampuni zinazotoa posho ya kufunga minyororo. Nyingine hazitoi kitu. Basi dereva hutazama mawingu, hutazama saa, akasema moyoni: "Nitafika juu kabla haijakaza." Na mnyororo hauna faida kwa gari lililokwisha kuteleza. Ni kifaa cha kufungwa mapema, ungali na nguvu ya kusimama.

Hilo nasi tunalijua. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao Novemba 1965, Zambia ilipata mafuta yake kwa malori kutoka Dar es Salaam, katika barabara ya vumbi na matope iliyopachikwa jina la njia ya jehanamu. Mengi yaliteleza na kupinduka. Leo njia hiyo ina lami, lakini mteremko wa Kitonga uko pale pale, na dereva anayelipwa kwa safari bado anapima: nisimame nikague breki, au niwahi?

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Ni kweli, lakini tahadhari ina gharama yake, na kumwachia dereva peke yake gharama hiyo ni kumfundisha kuikwepa. Tajiri anayemwambia dereva "endesha polepole", kisha akamkata fedha kwa kuchelewa, amesema maneno mawili. Na dereva mwenye watoto hulisikia lile la pili. Weed alikwisha kutupa mnyororo tangu 1904. Saa ya kuufunga ndiyo ambayo mwenye mali bado hajataka kuinunua.